Uwe Pale Saa Tatu

Habari ilimkuta Karimu akiwa na mashine mkononi, nusu ya kichwa cha Mzee Éliézer imeshanyolewa na nusu bado. Saluni yake ni chumba kimoja tu pale Saint-Josse, jijini Brussels, viti viwili na kioo, na simu ilikuwa juu ya rafu katikati ya vitana. Akaibana sikioni kwa bega. Alikuwa Nathalie, mkuu wa shule moja ya binafsi kule Auderghem, na alikuwa akilia.

Mwanakheri, dada yake Karimu, alikuwa ameanguka kwenye ukumbi wa shule hiyo, akienda kuwaangalia watoto wa somo la hesabu. Moyo. Madaktari hawakuchelewa, Nathalie alilirudia hilo mara mbili, kama mtu anayejua anazungumza habari za nani. Lakini hawakuweza kitu.

"Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea," alisema Karimu. Kisha akabaki amesimama, mashine ikinguruma hewani.

Mzee Éliézer, Mrundi mwenzake na mlokole wa siku nyingi, alijivua shuka shingoni. "Nenda, mwanangu. Kichwa changu hakina haraka." Akavaa kofia yake, akaivuta mpaka masikioni, akatoka.

Mwanakheri ndiye aliyemlea Karimu, tangu Buyenzi, Bujumbura, hadi katika ghorofa yao ya Schaerbeek. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na mkoba mkubwa uliojaa kalamu za watu wengine. Kazi yake ilikuwa ngumu kuielezea, na shangazi zake walifariki dunia wakiamini kuwa alikuwa mwalimu. Hakuwa mwalimu. Manispaa ilikuwa na mpango wa kuwalipa walimu wa ziada kwa ajili ya watoto waliobaki nyuma katika kusoma na hesabu, na watoto wa shule za binafsi nao walikuwa na fungu lao katika mpango huo. Mtu mmoja alitakiwa asimame katikati. Aende kwa kila mkuu wa shule amwulize watoto gani wana shida na shida yenyewe ni ipi. Amtafute mwalimu, achague chumba, apange saa. Halafu arudi kutazama kama mtoto amesogea au bado anahesabu kwa vidole chini ya meza. Mtu huyo alikuwa Mwanakheri.

Majirani walimchokoza. "Shule za kulipia, na serikali bado inawasaidia? Hao si watoto wa wakubwa?"

"Mtoto aliyeshindwa kugawanya si mkubwa wa mtu yeyote," alijibu. "Mimi namfuata mtoto. Jengo ni la mwenyewe."

Sharti moja la mpango huo lilikuwa kwamba mwalimu anayelipwa kwa fedha za umma asiguse dini ya shule. Masista wa shule moja ya Schaerbeek walimpa kwa moyo mweupe chumba kizuri kuliko vyote, chenye joto na mazulia, nacho kilikuwa chumba chao cha sala. Mwanakheri, ambaye hakuwahi kuacha swala tano, alikitazama kwa matamanio. "Sista," akasema, "hapa hapafai. Watoto watamwomba Mungu awape majibu, na Mungu ana huruma, atawapa." Wakahamia stoo ya mipira, na mwaka mzima watoto walijifunza sehemu na asilimia wakiwa wamekalia mipira.

Lakini ugonjwa uliomtesa zaidi ulikuwa saa. Mwalimu wake bora wa hesabu, Kabamba, Mkongo wa Lubumbashi, aliweza kumfundisha hata mtoto aliyelia akiona namba, ila hakuwahi kufika kwa wakati mahali popote. Nathalie naye alifika mapema hadi akawatia watu wasiwasi, akiingia na kuuliza, "Nimechelewa?" wakati viti bado viko juu ya meza. Kama mpango ungeenda kwa saa ya ukutani, basi Nathalie angekuwa anamngoja Kabamba mpaka leo.

Kwa hiyo Mwanakheri alimpa kila mtu saa yake. Somo likianza saa tisa, Kabamba aliambiwa, "Uwe pale saa nane." Nathalie aliambiwa, "Uwe pale saa tisa na nusu." Wote wawili wakakutana mlangoni kwenye saa tisa kamili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye kasoro. Kabamba alipogundua, alikuja juu.

"Maman Kheri, wewe muntu wa dini! Unanidanganya miaka yote hii?"

"Nimekudanganya wapi, papa? Nilisema somo linaanza saa nane? Nilisema uwe pale saa nane. Sasa, wewe ulikuwa pale?"

Kabamba alifikiri. "Non. Sikukuwa pale."

"Basi kati yetu sisi wawili, mwenye dhambi ni nani?"

Karimu alicheka kuliko wote aliposimuliwa kisa hicho. Hakujua kwamba hata siku ya ndoa yake, aliyofika kwa wakati na kujisifu nayo mpaka leo, dada yake ndiye aliyempa saa.

Sasa Mwanakheri alikuwa katika chumba cha maiti, na Karimu ndiye wa kupanga. Dini inataka maiti asicheleweshwe, lakini Brussels ina karatasi zake, na Jumanne ikageuka Alhamisi. Hatimaye ofisi ya makaburi ikampigia Nuru, mke wa Karimu. Wangemzika Ijumaa asubuhi. Wakikosa nafasi hiyo, ni mpaka Jumatatu.

"Sisi wanawake tutamwosha, tutamleta wenyewe na gari," Nuru akamwambia mumewe. "Wewe, saa nne uwe pale."

Karimu hakulala vizuri. Jumatatu! Dada aliyewangoja watu maisha yake yote, sasa alazwe kwenye baridi ya serikali siku tatu zaidi kwa sababu watu walichelewa? Akashika simu, akawaambia wote ukweli mtupu: mazishi ni saa nne.

"Bon," akasema Kabamba kwa sauti iliyokauka kwa kilio. "Pole sana, tonton. Lakini niambie: ni saa nne ya kweli ao saa nne ya Maman Kheri?"

"Ya kweli, wallahi!"

"Aah, hata wewe ni wa familia ile. Alors, saa tano nitakuwa nimefika."

Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu akasema atapitia sokoni kwanza. Karimu akakaa kitandani, simu mapajani, akaona jinsi ukweli usivyofaa kitu kwa watu waliozoea saa za Mwanakheri. Ndipo maneno ya dada yake yakamjia, na pamoja nayo machozi. Akaanza kupiga tena, mmoja baada ya mwingine, bila salamu ndefu.

"Papa Kabamba. Saa tatu uwe pale."

Safari hii Kabamba hakuuliza ni saa ya nani. "Ndiyo, tonton. Nitakuwa pale."

Hata Nathalie alimwambia saa tatu, maana katika huzuni alisahau kwamba yeye alikuwa wa kusogezwa upande mwingine.

Ijumaa ile Karimu mwenyewe alishuka kwenye basi saa tatu imeshapita, akakimbia, akawakuta wote wamesimama nje ya geti la makaburi, lililokuwa limefungwa. Nathalie alikuwa kwenye gari tangu gizani. Kabamba alikuwepo! Amevaa suti, akitetemeka, akiitazama saa yake kama mtu aliyeokota kitu cha ajabu njiani. Mzee Éliézer naye alikuwepo, kofia imevutwa chini kabisa.

"Nimechelewa?" akauliza Nathalie.

Geti likafunguliwa. Saa nne ikafika. Jeneza halikuja. Wachimbaji hawakuonekana. Saa nne na robo, hakuna. Nuru hapokei simu. Karimu alikwenda getini, akarudi, akaenda tena. Nafasi imepotea, alijiambia. Nimekusanya dunia nzima kwa wakati, na maiti ndiye aliyechelewa.

Wale wengine hawakujua hofu yake. Kwa mara ya kwanza walikuwa wamesimama mahali pamoja: walimu wa ziada upande mmoja, wakuu wa shule upande wa pili, na mtu wa manispaa na skafu yake. Miaka yote hiyo wengi wao walijuana kwa sauti ya Mwanakheri tu. Sista mmoja alimshika mkono Nathalie. "Kumbe wewe ndiye wa Auderghem? Alisema una stoo nzuri kuliko yetu." Kabamba akasimulia habari za saa zake, wakacheka huku wakifuta pua. Kisha ikabainika kwamba kila mmoja wao alikuwa na saa zake. Mtu wa manispaa akakiri kwamba kila mkutano yeye aliambiwa awe tayari kuondoka nusu saa kabla haujaisha, ili asianze hotuba.

"Sasa nani atatupanga?" aliuliza Sista.

"Jumatatu batoto wa mipira niachieni mimi," Kabamba akasema. "Somo ni saa tisa. Nitakuja saa nane." Akaongeza, "Hakuna aliyenituma."

Karimu hakuweza kungoja zaidi. Alimwendea mlinzi, akamwuliza kama walikuwa wameshapoteza nafasi. Mlinzi akatazama karatasi. "Madame Mwanakheri? Hapana, bwana. Nyinyi ni saa tano."

Gari likaingia saa tano ikikaribia, polepole, Nuru amekaa mbele, macho mekundu. Karimu akamfungulia mlango.

"Nuru! Uliniambia mazishi saa nne!"

Nuru akamtazama mumewe kwa upole. "Sikusema mazishi ni saa nne, Baba. Nilisema uwe pale saa nne." Akashuka. "Dada alinifundisha mwaka wa kwanza nilipoolewa. Akasema, huyu nakuachia, lakini umpe saa yake."

Karimu akaweka paji la uso wake juu ya paa la gari, mabega yakatikisika, na watu hawakujua kama alikuwa analia au anacheka. Yeye mwenyewe hakujua.

Kisha wakamtoa. Jeneza lilikuwa jepesi. Karimu alishika mbele kulia, Kabamba kushoto, na Mzee Éliézer akaomba kushika nyuma, wakamruhusu, akavua kofia kwa heshima, na nusu ya kichwa chake ikaonekana nyeupe kwa mvi na nusu imenyolewa. Imamu aliswalisha wakiwa wamesimama safu tatu, na wasio Waislamu walisimama nyuma, mikono imekunjwa. Wanawake walibaki pembeni, chini ya miti isiyo na majani. Wakamteremsha kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Karimu aliingiza mkono kwenye udongo, ulikuwa baridi na umelowa, akatupa mara tatu. Baada yake Kabamba, kisha wengine. Imamu akamwombea msamaha na nafasi kaburini, wote wakaitikia amina. Kaburi likajazwa, likawekewa kibao chenye jina lake, Mwanakheri. Halafu wakarudi getini, pamoja.