Mama Shizue na Bosi Aliyemfukuza

Theluji imeshuka usiku kucha, na asubuhi hii Mama Kuramochi Shizue anaitupa kando kwa beleshi ili kiti cha magurudumu kipate njia. Ana miaka sitini na moja. Akimaliza anakung'uta buti, anafungua mlango wa nyumba ya chini kwenye jengo hili la Sapporo, kaskazini mwa Japani, na kupaza sauti: "Bosi, uko hai?"

"Niko hai, nina njaa," inajibu sauti kutoka kitandani. "Na umechelewa."

"Nimecheleweshwa na theluji yako."

"Theluji ni ya manispaa, mama. Yangu ni njaa."

Bosi ni Hatakeda Mio, miaka thelathini na sita. Misuli yake imekuwa ikidhoofika tangu utotoni. Leo anaweza kusogeza vidole viwili vya mkono wa kulia, na kuongea. Kuongea, anaongea kwelikweli.

"Mkono chini ya goti," Mio anaelekeza, Shizue anapojiandaa kumnyanyua. "Siyo hapo, unanitekenya. Hapo. Haya, twende." Kufumba na kufumbua yuko kitini. Anaagiza wali wa moto wenye yai bichi juu.

Fedha za huduma hii zinatoka manispaa, lakini Mio ndiye anayeajiri wasaidizi wake, anayepanga zamu, anayewafundisha kazi na, ikibidi, anayewafukuza. Shizue hupata yen elfu moja na mia tatu kwa saa. "Sitatajirika," anamwambia mwandishi wa makala haya, "ila sijawahi kufanya kazi mahali ninapocheka hivi."

Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule ya msingi, hadi watoto wakapungua mtaani na shule ikafungwa. Akiwa amekaa nyumbani bila kazi, aliona tangazo kwenye ukuta wa duka la vyakula: *Natafuta mikono na miguu. Kichwa ninacho mwenyewe.*

"Nikajiambia, huyu lazima nimwone."

Mio alikuwa ametoka kwenye makao ya watu wenye ulemavu aliyopelekwa akiwa na miaka tisa. Huko taa zilizimwa mapema, utake usitake, na kuoga kulikuwa na siku zake. "Walikuwa watu wema," anasema Mio. "Tatizo walikuwa wema kwa ratiba. Nilikuwa mtu mzima kabisa siku ya kwanza msaidizi aliponiuliza nitakula nini asubuhi. Nikalia. Yule dada akadhani ameniudhi."

Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukaja mwezi wa pili wenye dhoruba.

Urano Chinatsu, rafiki aliyelala kitanda cha jirani na Mio miaka yote ya makao, alikuwa anaolewa katika mji wa Hakodate. Safari ya treni ilipangwa, na Shizue ndiye aliyekuwa wa kumsindikiza. Siku moja kabla, Mio akaanza kukohoa. Nje hata taa za barabarani hazikuonekana.

Shizue aliingia jikoni, akafunga mlango, akampigia bibi harusi. Alimwambia kwamba Mio ni mgonjwa, hatasafiri.

"Nilimpenda, ndiyo maana," anasema, macho yakiwa sakafuni. "Niliona nikimpeleka, atanifia njiani."

Jioni Chinatsu alipiga simu kumpa pole.

"Pole ya nini?" Mio akauliza. Alipoelewa, akamwita Shizue. "Mama, nilikuajiri uwe mikono yangu. Leo umekuwa makao. Chukua koti lako, nenda. Usirudi."

Msaidizi mwingine hakupatikana kwa haraka hiyo. Harusi ikafungwa bila Mio.

Nyumbani, mumewe Eisaku, dereva mstaafu wa tramu, alijaribu kumchekesha. "Yaani umefukuzwa na mtu unayempiga mswaki?" Shizue hakucheka. Alipika chakula kingi kuliko walichoweza kula, akakigawa kwa majirani, akapika tena.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, tangazo lilirudi kwenye ukuta wa duka. Shizue aliomba kazi kama watu wengine. Kwenye usaili walikuwa wanawake watatu, na Mio aliwauliza swali moja: "Nikitaka kufanya jambo la kijinga, utafanyaje?"

Wa kwanza alisema atamwelimisha. Wa pili alisema atawapigia simu ndugu wa Mio. Shizue alikuna kichwa.

"Nitakuuliza tunaondoka saa ngapi," alisema. "Halafu nitalalamika njia nzima."

Mio alicheka mpaka shingo ikalala upande, ikabidi Shizue aiweke sawa. Kazi akaipata.

Majira ya baridi yaliyofuata wakapanda treni ya Hakodate, theluji ikianguka kama mwaka uliotangulia. Treni ilisimama porini muda mrefu. Shizue alilalamika kuhusu reli, baridi, chai na serikali. "Ongeza sauti," Mio akamwambia, "kule nyuma hawajakusikia."

Chinatsu aliwafungulia mlango akiwa kwenye magongo, amevaa gauni la harusi. Nyuma yake mumewe alikuwa anahangaika na tai, na jikoni ngisi walikuwa motoni. Shizue alipiga magoti pale mlangoni, akaomba radhi, akalia.

"Mama, inuka," alisema Chinatsu. "Na usinililie kwenye gauni, nimelikodi mara ya pili ili Mio anione nalo."

Walikula, wakapiga picha. Mio alirudi bila hata kikohozi, jambo ambalo hachoki kulitaja.

Sasa magoti ya Shizue yanaanza kugoma. Siku moja, anajua, atahitaji mikono ya mtu mwingine. Anachokiomba ni kuishi nyumbani kwake na kuamua mambo yake, kwa hiyo amemwomba bosi amfundishe ubosi. Asubuhi hii ndilo somo la kwanza.

"Kaa chini," anaamuru Mio. "Mwandishi huyu ana mikono mizima, amekaa tu. Mwagize kitu."

"Aa, mgeni wetu asumbuke? Chochote tu."

"Hakuna kitu kinaitwa chochote. Unataka nini?"

Shizue amepikia watoto wa shule, mume na bosi, na swali hilo linamkwamisha. Anaangalia dirisha, anaangalia mikono yake iliyotulia mapajani.

"Chai," anasema hatimaye, polepole. "Iwe ya moto sana." Anamgeukia mwandishi, sauti ikipanda kidogo. "Na kikombe kile cha bluu. Siyo hicho. Kile."