Baba Kabula Alibaki Katoro

Safari hii niliipanga kwa sababu mume wangu alikuwa hawezi kukaa nyumbani. Wenzangu wa sokoni Shinyanga mlicheka mliposikia nakwenda kutembea tu, bila msiba, bila harusi, bila mzigo wa vitenge wa kufuata. Tangu nirudi kila mmoja ananiuliza kwa wakati wake, nami namjibu nusu nusu huku nikipimia mteja kitambaa. Sasa naieleza yote.

Baba Kabula amechimba dhahabu tangu ujana wake, kwenye machimbo madogo ya upande wa Geita. Mimi nilibaki Shinyanga na biashara yangu na binti yetu Kabula, yeye akija na kuondoka. Mwaka jana kifua kikamrudisha. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba vumbi la mawe limeshaharibu mapafu, na akirudi shimoni anajitafutia kifo. Akakaa nyumbani. Lakini kukaa gani kule! Hakujapambazuka, yuko uani anazunguka. Anagonga ukuta kwa vidole na kutega sikio, kama mtu anayepima mwamba. Simu ikilia anaikimbilia. Chakula hamalizi. Na mimi nikaanza kuugua ugonjwa wake: nikiwa sokoni nawaza kama yupo, nikiwa nyumbani nawaza kesho ataondoka.

Ndipo nikasema tusafiri. Leseni nilikuwa nimeipata karibuni, na gari dogo la mtumba nililonunua kwa ajili ya mizigo lilikuwa linakaa tu siku zisizo za mnada. Jioni tukaweka simu mezani tukafungua ramani. Kabula anafundisha Lushoto, na amekuwa akitubembeleza kila likizo. Nikapanga hivi: kwanza milima ya Usambara, tukae kwa binti yetu, kisha tushuke Tanga tuione bahari ambayo sijawahi kuigusa, halafu turudi tumalizie Ziwa Victoria. Baba Kabula akaigeuza mipango yote kwa kidole kimoja.

"Tuanze na ziwa," akasema. "Kahama, Katoro, Chato, mpaka Bukoba. Milima ya mbali na bahari baadaye. Wewe gari bado hujalizoea, anza na karibu."

Maneno yalikuwa na akili, nami nilifurahi mno kumwona anajali kitu. Sikuuliza zaidi.

Tuliondoka Shinyanga asubuhi, jua likiwa nyuma yetu. Baada ya Tinde malori ya masafa marefu yakaanza kutubana, nami nikashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia ndama. Nilitaka kusimama kila mahali. Palikuwa na vilima vya mawe yaliyopandana, nikasema tushuke tupige picha. "Mawe nimeyaona ya kunitosha," akajibu. Palikuwa na wanawake wanauza viazi vitamu vya kuchemsha, nikasema tununue. "Mbele," akasema. Kila nilichotaka kukiona kilikuwa mbele. Alikuwa anapiga mdundo gotini kwa vidole na kuniambia mpite huyo, ongeza, barabara nyeupe.

Kahama tulikunywa chai. Mimi nilikunywa nimekaa, yeye amesimama mlangoni na kikombe mkononi, akiangalia barabara. Mzee mmoja mfugaji alimsalimu, "Mwadila, baba," naye akaitika bila kugeuza shingo. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Baada ya Ushirombo alifungua kioo chote. Udongo ulikuwa umebadilika, mwekundu, na huku na huku yalisikika makarasha yakisaga mawe. Nikamwambia afunge, vumbi. Akakifunga nusu, kisha akakifungua tena taratibu akidhani sioni.

Katoro tuliingia mchana. Asiyeijua Katoro afikirie mnada usiokuwa na siku ya kufungwa. Bodaboda zinapita pande zote mbili za gari lako kwa wakati mmoja. Maduka yameanika sululu, kamba, mabuti na mashine za kuvuta maji mahali ambapo kwingine wangeanika nguo. Tukaingia kwa mama lishe mmoja anayeitwa Mama Neema, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliyeniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tangu nilipokaa. Tukaagiza ugali na sato. Kabla chakula hakijafika Baba Kabula akainuka.

"Nanyoosha miguu kidogo."

Sato akaja, akapoa. Nikapiga simu, haipatikani. Nikatoka nje nikaangalia kushoto na kulia, nikarudi, nikatoka tena. Mara ya tatu Mama Neema akanifuata mlangoni akijifuta mikono.

"Mayu, nikwambie tu. Mzee wako amekwenda duarani na Shija. Mwenzake wa zamani huyo. Shija alikuwa hapa tangu asubuhi akimsubiri."

Duara ni shimo la kuchimbia, na Shija ni jina nililolisikia likitajwa kwenye simu nyumbani kwa miezi kadhaa. Ziwa lote lile, Chato yote na Bukoba, kumbe vilikuwa njia ya kufika Katoro.

Nilipanda bodaboda. Tulikata vichochoro, tukatoka kwenye uwanja wa udongo uliofukuliwa kila upande, na dereva akanionyesha duara lenye turubai la bluu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye gogo, anafunga mabuti. Tochi ilikuwa tayari kichwani. Mdomoni mwa shimo palikuwa na kapi, na kamba nene ikiingia gizani.

"Shikamoo, shemeji," Shija akaniambia. Sikumwitikia.

"Mama Kabula! Umefikaje huku?"

"Kwa bodaboda kama wengine. Vua hivyo viatu."

"Sishuki kuchimba. Nawaonyesha tu mkanda wa dhahabu umeelekea wapi, hawa wameupoteza. Siku mbili hivi, au tatu."

"Daktari alisema nini?"

Alisimama. Nilitegemea atanikaripia, lakini alizungumza chini chini ili wenzake wasisikie.

"Daktari alisema, na mimi nimemsikiliza mwaka mzima. Pale nyumbani, Mama Kabula, hata kuku wana kazi. Mimi nakaa kama mgeni anayengoja chai. Nisubiri kwa Mama Neema. Nikimaliza tutaenda huko ziwani."

Nisubiri. Nimelisikia neno hilo tangu nilipokuwa na mimba ya Kabula. Nilimsubiri nikizaa, nilimsubiri nikimzika mama yangu. Wala halikunikasirisha siku zile. Nilidhani ndiyo kazi yangu.

"Sisubiri," nikasema.

"Utakwenda wapi peke yako?"

"Bukoba. Si ndiko tulikokuwa tunakwenda?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini. Nikageuka nikapanda bodaboda. Begi lake na dawa zake nikaziacha kwa Mama Neema, tukapeana namba za simu. Alinishika mkono. "Mayu, kweli utaendesha peke yako mpaka kule?"

"Barabara si ni moja?" nikamjibu, ingawa sikuwa na hakika.

Kutoka Katoro sikumbuki mengi. Buseresere niliipita nikilia. Bwanga nilikosea njia, nikaenda kidogo kuelekea Biharamulo, nikauliza, nikageuza kuelekea Chato. Lori likinipita nalitukana kwa Kisukuma, kisha najiombea msamaha kwa Mungu. Chato nilifika jua bado lipo, nikapata chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na maji. Mwenyeji alikuwa mama wa makamo, Mzinza.

"Umekuja na nani, dada?"

"Na gari."

Akaniangalia, akanipa ufunguo. Nilitembea ufukweni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Korongo walikuwa wamesimama kwenye mawe na mabega yao yaliyopinda, wanawake wanasugua masufuria kwa mchanga, na maji yanaleta magugu ya kijani na kuyachukua tena. Kila baada ya hatua chache naangalia simu. Haipatikani. Niliona ziwa, ndiyo, lakini lilikuwa linapita machoni tu. Mwenyeji akaniletea chai pale pale mchangani. "Kaa, dada. Maji hayaondoki," akasema. Nilikaa mpaka alipoingia ndani, nikasimama.

Asubuhi iliyofuata nilishika njia ya Muleba. Ardhi ikaanza kuinuka. Sisi wa Shinyanga tumezoea uwanda, unamwona ng'ombe akiwa bado wilaya nyingine. Huku barabara inapanda, inajificha nyuma ya mgomba, inatokea juu zaidi. Vilima vimevaa majani mafupi ya kijani mpaka kileleni, na kando yake mawe yamekatika wima kama kitambaa kilichochanwa. Kwenye kona moja ziwa likajitokeza chini kabisa, na visiwa vimetawanyika ndani yake. Nikaegesha gari na kushuka. Upepo ulikuwa wa baridi. Nilisimama pale muda mrefu, na niliporudi garini ndipo nilipogundua kwamba simu nilikuwa nimeiacha kwenye kiti.

Mteremko wa kuingia Bukoba nusura unishinde. Nilikanyaga breki njia nzima mpaka nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikajitoa pembeni. Dereva wa lori la ndizi aliyekuwa amesimama pale akaja akainama kwenye gurudumu.

"Mama, unatoka wapi?"

"Shinyanga."

"Ahaa." Akatabasamu. "Huko hakuna mlima. Acha zipoe kwanza. Halafu weka gia ndogo, gari lenyewe lijizuie. Breki gusa tu, usizikalie."

Nikafanya hivyo. Gari likanguruma likateremka taratibu kama mzee mwenye fimbo, na mji ukafunguka mbele yangu na ziwa lake. Nilikula ndizi za kupikwa na nyama mpaka nikalegeza mkanda. Usiku ule nililala, jambo ambalo sikuwa nimelifanya vizuri kwa mwaka mzima.

Kesho yake asubuhi miguu yangu ikiwa majini, Mama Neema akapiga.

"Mayu, usishtuke. Mzee amepandishwa kutoka duarani, kifua kimembana. Yuko hapa kwangu amekaa, anaongea. Tunamwambia hospitali, anasema mpaka wewe uje."

Ziwa likanizunguka. Nilitaka kusema nakuja, mwambieni anisubiri. Nikajizuia.

"Mwambie mimi niko mbali, asinisubiri. Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi, hata kwa nguvu. Nitamkuta huko huko."

Kurudi nilipita milima ile ile na sikuiangalia. Nilipanda na kuteremka kwa gia ndogo, nikiomba kwa sauti. Nilifika Katoro alasiri. Shija alikuwa nje ya kituo cha afya, ameshika kofia kwa mikono miwili. "Shemeji, nisamehe," akasema. Safari hii nilimjibu: "Tutaongea." Ndani Baba Kabula alikuwa amelala ubavu, amewekewa hewa puani. Uso umekuwa wa kijivu. Alinitazama.

"Ulifika kweli?"

"Nilifika."

"Ziwa likoje?"

"Lala kwanza."

Asubuhi wakatupa rufaa ya kwenda Mwanza. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mama mjamzito, na mganga akasema hali ya Baba Kabula inaruhusu niende naye mwenyewe, taratibu. Nikamlaza kiti cha mbele, tukapita Geita, tukashika njia ya Busisi. Hakupiga mdundo gotini. Nilimwangalia mara kwa mara kwa hofu, maana sikuwahi kumwona ametulia akiwa macho.

Tulipoingia daraja jipya, maji yakiwa pande zote mbili, akaongea.

"Hapa nilikuwa navuka kwa kivuko. Sikumbuki kama niliwahi kuangalia nje."

Niliendelea kuendesha.

"Shija na wenzake watakwambia walinivuta kwa sababu nilizidiwa," akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nilizidiwa baadaye. Kamba niliitikisa mwenyewe wanipandishe, kabla. Miaka yote nikiwa chini najua kuna mtu amekaa mahali, ananingoja, kwa hiyo nitapanda. Jana nikakumbuka kwamba hujakaa. Uko barabarani, sijui wapi. Nikaogopa, Mama Kabula. Sijawahi kuogopa shimoni."

Nilikuwa na majibu mengi, mengine makali. Miaka yote ile nilidhani kungoja kwangu kunamlinda. Kilichonichoma ni kwamba hakuna siku hata moja aliyoniambia kungoja huko kunamfanyia nini chini ya ardhi, na mimi sikuwahi kuuliza.

"Punguza mwendo kidogo," akasema.

Gari la nyuma likapiga honi. Nikawasha taa ya kuashiria apite, nikashika upande wangu, nikapunguza. Baba Kabula akafungua kioo mpaka chini, upepo wa ziwa ukaingia, naye akageuza uso nje akawa anaangalia.