Rudisha Kosa Lake

Mimi husuka nywele Kenyatta Market, na kati ya kibanda changu na cha Wamucii kuna ukuta wa mbao tu. Akipiga chafya, mimi ndiye wa kwanza kumwambia pole. Sisi wote humwita Mama Shiku, kwa jina la bintiye wa pekee ambaye siku hizi yuko Kanada na hajui hata kurudishia kifungo cha shati. Mama Shiku hutarizi majina. Anatarizi sweta za shule, makoti ya madaktari, majoho ya kwaya, chochote kinachotaka jina. Watu walikuwa wakipita pale kwake wanachungulia, kisha wananijia na maswali ya kipuuzi: "Debra, huyu mama bado anatumia hiyo kompyuta?" Nami nawaambia waende wakanunue nyama choma, waache wenye kazi wafanye kazi.

Kompyuta yenyewe, kusema kweli, ilikuwa mzee. Zamani ilikuwa nyeupe, ikawa rangi ya chai ya maziwa. Marehemu mumewe, Muigai, aliinunua miaka ya tisini pamoja na cherehani kubwa ya kutarizi, na waya mnene ulioziunganisha. Miaka hiyo soko lilikuwa na raha yake. Mvua ikinyesha tulikuwa tunajazana kibandani mwao kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa hakivuji, Muigai anachora herufi kwenye kioo, mkewe anamrekebisha. "Hiyo W imevimba kama ina mimba." Muigai anafuta, anachora tena. Walichora herufi zote hivyo, wawili, moja moja, na sisi tukiwa wasemaji wa pembeni. Nikiwaza siku zile hukumbuka harufu ya mafuta ya cherehani na moshi wa nyama, na hasira hunishika kwamba hakuna aliyetuambia tulikuwa tunafurahi.

Sasa, tuna chama chetu cha akina mama, Nyota ya Asubuhi. Tuko wa Dagoretti Corner, wa Kawangware, hata mmoja aliyebahatika akahamia Spring Valley na bado anakuja mkutanoni na maandazi ya kuungua. Ukiingia chama unapewa shali ya buluu yenye jina lako. Ukifa, unavishwa nyeupe, jina lile lile, herufi zile zile, kutoka mkono ule ule. Hatuna mengi, lakini hilo tunalo. Mwenzetu akilazwa kwenye jeneza, sote tunapita mmoja mmoja na kugusa lile jina kwa kidole. Hakuna aliyetufundisha. Ilianza tu.

Mwezi wa sita akafa Wangui. Wangui alikuwa akiuza viazi pale Dagoretti Corner, na kicheko chake ulikuwa unakisikia kabla hujauona mkokoteni. Ndiye aliyeanzisha chama, na shali ya kwanza kabisa ambayo Mama Shiku na Muigai walitarizi ilikuwa yake. Yeye na Mama Shiku walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Jumanne stima zikapotea, taa zote zikazimika, zikarudi kwa kishindo, na ile kompyuta ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza kabisa.

Nilimkuta Mama Shiku ameketi mbele yake, mikono mapajani.

"Mama Shiku, si tupeleke shali kwa wale wa mjini? Wako na mashine mpya, wanaandika kwa mitindo ishirini."

"Mitindo ishirini ya nini? Wangui alikuwa na mmoja."

"Lakini Jumamosi..."

"Debra, nimewavisha wote. Huyu ndiye nishindwe kumvisha?"

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia hata siku tulipomzika Muigai. Nikajua basi, hapa ni kufa na kupona.

Nikabeba lile sanduku zito mpaka Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, kwa fundi anaitwa Mulwa. Mkewe ni mteja wangu wa siku nyingi. Mulwa ni mtu mzima, kipara kinang'aa, mpole mno hata unatamani umkanyage mguu uone kama ataguna. Akafungua, akanusa, akatikisa kichwa. Mwili wa kompyuta ulikuwa umeungua. Diski, ambayo ndiyo ilikuwa na programu na herufi zote, ilikuwa nzima.

"Sitafufua hii," alisema. "Lakini naweza danganya hiyo diski."

"Kuidanganya vipi?"

Akanieleza polepole. Kuna programu za kuigiza mashine. Unaweka moja kwenye laptopu mpya, nayo inajifanya ile kompyuta ya zamani: inajifanya kioo chake, kibodi yake, hata ile kadi ya ndani iliyokuwa ikizungumza na cherehani. Diski ikiamka, inadhani iko nyumbani kwake, mwaka elfu moja mia tisa tisini na kitu. Nilimwambia kama ni hivyo aniwekee na mimi, nirudi huko.

Alhamisi asubuhi Mulwa alikuja sokoni na laptopu. Akaunganisha nyaya, akabonyeza, na pale kwenye kioo kikatokea kile kioo cha buluu cha zamani chenye herufi nyeupe. Mama Shiku akaweka mkono mdomoni. Mimi nikapiga vigelegele, wasusi wenzangu wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Tukaweka kitambaa cha majaribio. Mama Shiku akaandika Wangui. Cherehani ikaunguruma, sindano ikacheza, ikamaliza.

Herufi zote zilikuwa zimelala. Ziliinamia kushoto, kila moja, kama watu wanaosukumwa na upepo.

"Umeharibu!" nilimfokea Mulwa. "Hii ni nini? Marehemu ataenda mbinguni na jina la mlevi?"

Mulwa akakagua kila kitu mara mbili. "Aunti, mashine iko sawa. Imefuata vile herufi zimechorwa. Ni herufi ndio zimelala."

Maneno hayo yalinichoma. Herufi za Muigai? Nilikuwa nimeshashika kitana, Mungu anisamehe, lakini Mama Shiku akaniwekea mkono begani. Alikuwa anatazama kile kitambaa, na polepole akaanza kutabasamu.

"Ni kweli," alisema. "Tulizichora zikilala."

Akatueleza jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Ile kadi ya zamani ilikuwa na ubovu tangu ikiwa mpya. Kila mstari ulivutwa kulia kidogo. Hawakuwa na njia ya kununua nyingine, basi Muigai akachukua rula, wakaanza kuchora kila herufi ikiinama kushoto, ili kadi ikiivuta itoke wima. "Alikuwa anasema, mama, lazima zilale ndio zisimame. Mimi nilikuwa namcheka." Wakafanya hivyo mpaka macho yakazoea, na mwisho wakasahau kwamba kulikuwa na ubovu wowote.

Mulwa akatoa simu, akasoma soma kidogo. Kisha akavuta kiti.

"Kumbe hiyo kadi nyingi zilikuwa hivyo," alisema. "Wale wanaotengeneza hii programu ya kuigiza, zamani waliigiza kadi na ubovu wake wote. Juzi juzi wakairekebisha, ikawa safi. Hiyo safi ndio imetuangusha."

"Sasa?"

"Walijua kuna watu kama nyinyi. Watu walijenga kazi yao juu ya ubovu. Kwa hivyo hawakufuta ya zamani. Waliacha mahali pa kuiambia kadi: wewe usiwe mpya, endelea vile ulikuwa. Kadi peke yake. Zingine zote zibaki sawa."

Akaandika mstari mmoja mfupi, akawasha upya. Sijui hao watu wanaishi nchi gani, wala hawajui kuna soko linaitwa Kenyatta Market, lakini siku hiyo niliwaombea wote pamoja na watoto wao.

Mama Shiku hakutaka tena majaribio. Akatandaza shali yenyewe, nyeupe, akaibana. Sindano ikaanza. W ikatoka wima. Ikafuata a, ikafuata n. Jina lilipokamilika akalipitisha kidole, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wangui, umependeza," kisha akamgeukia Muigai, namaanisha ile picha yake ukutani, akamwambia kitu kwa Kikuyu ambacho si chenu kukijua.

Mulwa akainuka, akanyoosha mkono kuzima.

"Ngoja," Mama Shiku akasema. "Usizime." Akavuta kutoka kwenye rafu kitambaa kingine cheupe.

"Nani tena amekufa?" nikauliza.

"Hakuna. Andika Wamucii."

"Ushindwe!" nikapiga kelele. "Ushindwe kabisa! Mama Shiku, usinianzie mambo hayo asubuhi asubuhi!"

"Debra, mimi ndiye hukagua zenu zote. Yangu itakaguliwa na nani? Shiku?" Akavaa miwani yake. "Nataka niione nikiwa na macho. Bonyeza wewe. Mimi siwezi kujishonea, ni vibaya."

Nikabonyeza. Nilikuwa nalia, nikimtukana Mulwa, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Mama Shiku akainama karibu na sindano, akaifuata ile herufi ya kwanza kutoka chini mpaka juu, na kurudi.

"Iko sawa," alisema. "Songa kidogo, unaninyima mwanga."