Vitone vya Jina Nyuma ya Helmeti

Baba yangu alikuwa mbishi kwa kazi yake, nami nimerithi ubishi bila kurithi kazi. Unguja alikuwa fundi wa shaba, anafua sufuria na masinia kwa nyundo. Tulihamia London mimi na yeye tu, maana mama tulikuwa tumeshamzika kule, na kwa miezi mitatu alikaa kwenye flati yetu ya Kilburn akigongagonga meza kwa vidole. Mimi nilikuwa napiga chapa ofisini Harrow, na huko ndiko nilikosikia habari za mzee wa Kiingereza anayetafuta fundi.

Mzee huyo alikuwa anatengeneza helmeti za askari wa Kirumi wa kale, za kuuzia makumbusho. Nilicheka mpaka nikaona haya. Masharti yake yalikuwa makali: kila kitu kifuliwe kwa mkono kama walivyofanya wenyewe zamani, na alama moja tu ya mashine ikionekana, kitu kinakataliwa. Alimpa Baba bamba la shaba na wiki moja. Helmeti ikipita, kazi anayo.

Ijumaa Baba aliniomba nimwandikie jina la mzee kwa herufi za Kigujarati, lugha ya wazee wetu, ndizo pekee alizojua kusoma. Nikadhani anataka kulikariri asije akalitamka vibaya. Nikamwandikia.

Kesho yake nilikwenda naye kumsemea, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Mzee aliipeleka helmeti dirishani, akapitisha dole gumba juu ya kila pigo la nyundo. Nikaona uso wake unalainika. Kisha akaigeuza, na mkono ukasimama kwenye ukingo wa nyuma, ule unaokinga shingo. Palikuwa na mstari wa vitone vilivyogongwa kwa ncha ya msumari, na vilifuata mwandiko wangu herufi kwa herufi.

"Baba, umefanya nini? Hii ni ya museum, si ya biriani."

"Si ndilo jina lake hilo?" alinijibu bila wasiwasi. "Chombo kikitoka bila jina, kitarudi vipi kwa mwenyewe?"

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Harusi moja hukusanya sufuria za mtaa mzima, na shughuli ikiisha kila mtu anageuza ukingo kutafuta jina lake. Baba hakuwahi kukabidhi chombo kisicho na jina. Nilimweleza mzee yote hayo kwa hasira, huku akilini nikimwona Baba amesharudi kwenye ile meza ya Kilburn.

Mzee alirudisha dole gumba kwenye vitone. Akasema askari wale nao waligonga majina yao kwa vitone, tena hapohapo nyuma, maana kambini helmeti zilipotea. Yeye alilijua hilo siku zote, ila hakuna fundi aliyewahi kumfanyia bila kuambiwa.

"Ila herufi hizi makumbusho hawatazikubali," alisema.

Nikatafsiri. Baba akachukua nyundo ili avifute. Mzee akaifunika helmeti kwa kiganja, akauliza jina lake linaanzia wapi. Baba akamshika kidole kama mtoto wa chuoni anayefundishwa herufi, akakipitisha kitone kwa kitone mpaka mwisho.

"Hii naiweka mwenyewe," mzee akasema. "Jumatatu aje aanze nyingine."

Kwenye basi nilimtania Baba kwamba sasa ni fundi wa jeshi la Roma. Hakucheka. Alikuwa anatazama nje, maduka yanapita.

"Ile sufuria kubwa," akasema, "aliyoiazima jirani wiki ile tuliyoondoka. Hakuirudisha."

Nilikuwa nimeisahau. Aliifua mwenyewe alipomuoa mama, akaligonga jina la mama chini ya ukingo. Nilimpenda mno baba yangu saa ile, na nikajuta kwa hasira zangu zote. Nikaushika mkono wake, bado unanuka shaba.

"Wakiiosha wanaliona jina lake," akasema. "Sivyo?"

"Wanaliona, Baba."