Ukuta Aliobomoa Mzee Angwenyi Mtoto Akiwa Ndani

Asubuhi ambayo mzee Angwenyi alibeba sururu na kuanza kubomoa ukuta wa nyumba ya mwanawe, mkaza mwana akiwa ndani na kichanga, majirani waliweka mikono kichwani.

"Vita vimemrudia!" mmoja akapiga kelele.

Wapi! Mzee alikuwa na akili zake timamu. Kisa hiki nilipewa na nyanya yangu Mong'ina, ndiye aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo, na nyanya hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Ilikuwa Magwagwa, mwaka wa 1951, mwezi wa saba. Kama umewahi kulala huko mwezi huo, baridi yake unaijua.

Mong'ina alikuwa amejifungua mapema mno. Mtoto msichana, mdogo hata angelala kwenye ungo wa wimbi na nafasi ibaki. Mkunga alimwonya: apate joto, na asivute moshi.

Haya, niambie. Joto bila moshi utalitoa wapi kijijini?

Kwa mamamkwe, Bonareri, moto wa kuni uliwaka katikati ya nyumba. Walimpeleka mtoto huko siku moja tu, akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Wakamrudisha mbio.

Lakini nyumba ya Mong'ina ilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Babamkwe wake, Angwenyi, alikuwa fundi wa malori jeshini wakati wa vita. Huko ng'ambo aliona nyumba zinazopashwa joto na maji ya moto yanayozunguka ndani ya mabomba. Aliporudi, akamjengea mwanawe Makori nyumba ya udongo na mabati, akaitilia ujuzi huo.

Nje, nyuma ya chumba cha kulala, aliweka pipa la maji juu ya moto. Mabomba mawili yakapenya ukuta. Ndani, kando ya kitanda, akasimamisha rejeta kuukuu ya lori. Maji yakichemka yanaingia kwa bomba la juu, yanapoa, yanarudi kwenye pipa kwa bomba la chini. Chumba kinapata joto na moshi unabaki nje.

"Nyumba ina matumbo!" watu walimcheka. Naye alicheka nao, huku akikaza nati.

Shida ni kwamba alijenga kabla Makori hajaoa. Mong'ina alipoolewa, mzee hakuingia tena. Kwetu Wagusii, baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mkono hampi mkaza mwana. Na haikuwa aibu peke yake. Wazee waliamini balaa ingewashukia watoto wa nyumba hiyo.

Sasa asubuhi hiyo Mong'ina akagusa rejeta. Baridi!

Akatoka nje. Moto unawaka, pipa linatokota kabisa. Akarudi ndani, akagusa nyayo za mtoto. Nazo zilikuwa baridi.

"Mama! Mama weee!"

Bonareri akaja mbio. Angwenyi akamfuata, akasimama uani, akaipa nyumba mgongo kama heshima ilivyotaka.

"Mwambie mama mtoto aguse bomba la juu," akamwambia mkewe.

Mong'ina alikuwa hapo hapo mlangoni, anasikia kila neno. Lakini ndivyo walivyozungumza.

"Anasema uguse bomba la juu," Bonareri akasema.

"Ni baridi, mama."

"Basi kumeziba," mzee akasema.

Akazima moto, akazibua tundu la chini la pipa. Maji hayakutoka. Kilichotoka ni tope jeusi, zito, mabonge kwa mabonge. Akachota kwa kijiti, akanusa.

"Bonareri, kutu naijua. Lakini huu ni uji wa wimbi!"

Bonareri akatazama chini.

"Rejeta ilikuwa inavuja," akasema. "Inalowesha matandiko ya mtoto. Na si wewe ulituambia, huko vitani rejeta ikivuja mlikuwa mnaitia unga?"

"Kiganja! Nilisema kiganja kimoja!"

"Mimi nilitia kibuyu."

"Kibuyu kizima?"

"Mtoto alikuwa analowa, Baba Makori! Ningefanya nini?"

Mzee akakunja mikono ya koti. Akasugua pipa kwa mchanga na magunzi, akalisuuza, akatia maji mapya. Upande wa nje ukawa safi. Lakini rejeta yenyewe ilikuwa imejaa ule uji, na nati ya kuifungulia ilikuwa ndani, chini kabisa. Makori, ndugu zake na vijana wote wa jirani, ambao wangeweza kuingia, walikuwa Kericho, kwenye mashamba ya chai.

Mong'ina akamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akapiga magoti na spana.

"Vuta kwako!" mzee akapaza sauti kutoka nje. Alishasahau kumpitia mkewe. "Kwako, mama!"

Nati ikagoma. Bonareri akaja kusaidia, wakaning'inia wote wawili kwenye spana mpaka viganja vikachubuka. Hakuna kitu.

Kisha mtoto akanyamaza. Mong'ina aliniambia kuwa kilio hakikumtisha, ila kule kunyamaza kulimmaliza nguvu.

"Ingia, tata, baba yangu," akaita. "Nakuomba, ingia."

"Ingia!" Bonareri akafoka. "Mbuzi wa kutakasa boma tutachinja baadaye!"

Mong'ina akaona miguu ya mzee kizingitini.

"Nikiingia mtoto akafa," akasema, "ni mbuzi gani atakayemrudisha?"

Akaondoka.

Mong'ina akalia kwa uchungu. Alimchukia mzee yule, hilo hakunificha. Aliona wameachwa wafe.

Gwa!

Ukuta ukatikisika. Gwa! Bonge la udongo likaanguka karibu na rejeta. Mong'ina akamfunika mtoto na kuruka pembeni. Nje majirani wanapiga mayowe, fito zinavunjika, upepo wa baridi unaingia.

Halafu kwenye lile tundu ikapenya mikono miwili na spana, mpaka mabegani. Uso wa mzee ulikuwa umegeukia migomba, macho ameyafumba.

"Mama mtoto, mkono wangu uko wapi?"

Mong'ina akafuta machozi.

"Shuka chini, tata. Kushoto kidogo. Hapo hapo! Shika!"

Nati ikalia, ikaachia. Uji mweusi ukaruka, ukamlowesha mzee mikono yote. Mong'ina akafungua kifuniko cha juu, akamimina maji, mzee akitikisa rejeta, akamimina tena na tena hadi yakatoka meupe. Mzee akakaza nati, akaagiza kitiwe kiganja kimoja tu cha unga, akavua koti lake la jeshi, akaziba tundu nalo. Akawasha moto.

Mong'ina akakaa, mkono juu ya chuma. Alingoja sana. Joto likaanza juu, likashuka polepole.

Mtoto akalia. Kilio cha hasira, cha kutaka ziwa!

Nje, Angwenyi akakaa chini na mikono yake michafu, akalia mbele ya watu wote.

Kesho yake kila mtu alitarajia aje kukandika ukuta. Alikuja na mbao. Akageuza tundu kuwa dirisha, chini kabisa, usawa wa kitanda. Kumbe mzee alikuwa bado hajamwona mjukuu, kwa sababu mtoto hakuweza kutolewa kwenye baridi. Tangu siku hiyo alikuwa anabisha hodi, Mong'ina anasogeza ungo aliolazwa mtoto dirishani na kwenda kando, na mzee anapenyeza kidole kishikwe.

Wazee wenzake walikuja kulalamika.

"Mimi nimeingia?" akawauliza. "Miguu yangu iko wapi?"

Wakaitazama miguu yake kwenye nyasi, wakaenda zao.

Mtoto huyo ndiye mama aliyenizaa.

Kwa hiyo wewe unayesema mila zetu ni upuzi, na wewe unayesema zisiguswe hata kidogo, njooni Magwagwa mlione lile dirisha. Mzee hakuvunja heshima yake, wala hakukubali mtoto afe kwa ajili yake. Alivunja ukuta. Mama bado hulala upande huo wa nyumba, na hajakubali mtu yeyote alizibe.