Miaka Saba Niliyoiruka

Jamani, kabla hamjasikia kwa wengine acheni niseme mwenyewe: yule mkwe aliyekwenda Kituntu kumchukua mke wake na mtoto mchanga, akarudi Kihanga na daftari peke yake, ndiye mimi. Mkinikuta sokoni hamna haja ya kujifanya hamjui.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jioni huwa naandika hadithi za majoka na milima inayotembea. Kwenye semina moja ya waandishi tuliambiwa kwamba machungu makubwa usiyaeleze, mwachie msomaji ayaone mwenyewe, nami nikalipenda sana wazo hilo kwa sababu (niwe mkweli) linapunguza kazi. Basi katika hadithi yangu binti aitwaye Kemilembe anatekwa na joka, anafungiwa pangoni miaka saba, na miaka yote hiyo niliimaliza kwa sentensi moja: "Yaliyompata humo sitayasema." Jinsi ilivyonipendeza, niliipigia mstari kwa wino mwekundu.

Mke wangu, Adventina, alikuwa amekwenda kwao kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na miezi miwili ilipotimia nikaitwa niende kuwachukua. Nikafika Jumapili baada ya misa, nimevaa koti, nikamkuta baba mkwe barazani na majirani, kahawa imeanikwa uani, na Ma Leoncia, shangazi yake Adventina, yule aliyemfunda na ambaye ndiye mwenye neno la mwisho kama binti anarudi kwa mumewe au anabaki. Tukala ndizi, tukanywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, mambo mazuri kabisa. Ningenyamaza hapo, saa kumi ingenikuta njiani na mke wangu. Lakini baba mkwe kwa fahari akawaambia majirani kwamba mkwe wake anaandika vitabu, nami nikatoa daftari kwenye koti (lilikuwa humo kwa bahati tu, bila shaka).

Nilisoma vizuri. Nilipofika kwenye sentensi yangu nikapunguza sauti, nikafumba macho kidogo, kisha nikaendelea na Kemilembe anatoka pangoni.

"Waitu mkwe, umeruka ukurasa," akasema Ma Leoncia.

"Sijaruka, shangazi."

"Miaka saba yote?"

Nikamweleza habari ya semina. Sasa ninyi mnajua kwetu kulivyo: ukienda kumpa mtu pole anakusimulia ugonjwa tangu siku ulipoanza, mgonjwa alikula nini, alitapika mara ngapi, na akiingia mgeni mwingine habari inaanza upya, na hakuna anayechoka, maana kuyasikiliza yote ndiyo pole yenyewe. Ukiruka, umesema hayakuhusu. Mimi niliyezaliwa hapahapa nikalisahau hilo kwa semina ya siku mbili.

"Mwanangu," akasema baba mkwe taratibu, "mtoto wa watu ameteseka miaka saba, hukumuuliza hata alikuwa anakula nini?"

"Asiyetaka kusimulia huwa ni yule aliyetesa," akasema Ma Leoncia, akasogeza kigoda chake mbele yangu. "Leo unataka nikupe binti yetu. Nataka nisikie kwanza unajua nini juu ya mwanamke kuteseka. Sema."

Majirani wakaweka vikombe chini. Nikatafuta kichwani mateso ya kijoka, nikakuta sina hata moja, kwa hiyo nikashika yaliyokuwa karibu. Nikasema pangoni mlijaa moshi kwa sababu hapakuwa na dirisha, na kuni zilikuwa mbichi, Kemilembe akawa anapuliza moto mpaka macho yanavimba. Ma Leoncia akaitikia kwa kichwa, nami nikapata moyo, nikasema kila asubuhi alishuka bondeni kuteka maji akapanda kilima na ndoo kichwani, tumbo mbele (Kemilembe hakuwa na mimba, sijui tumbo lilitoka wapi).

"Na bati lilikuwa linavuja upande wake wa kitanda," akasema Adventina, amesimama mlangoni na mtoto kifuani.

Nikaona mke wangu ananisaidia. Nikapokea, nikaliweka: pango lenye bati.

"Na joka, muda wote huo, lilikuwa linafanya nini?" akauliza.

"Lilikuwa linaandika," nikasema.

Maneno hayo niliyasikia pamoja na wengine. Jirani mmoja akakohoa. Baba mkwe akaitazama kahawa yake kwa makini sana. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya mkwe alikaa ndani, akacheka mara moja tu. Adventina hakucheka. Alinitazama, na hapo ndipo aibu ya kweli iliponishika, wala si kwa ajili ya majirani. Moshi ule niliujua vizuri kiasi cha kuusimulia mbele za watu, na hata siku moja sikuinuka kwenye kiti.

"Hadithi nzuri," akasema Ma Leoncia. "Nenda ukaimalize. Dirisha, maji, bati. Nitakuja kukagua mwenyewe."

Nikaondoka na daftari langu. Mtoto sikuwahi hata kumbeba.

Hii ni wiki ya tatu. Bati nimebadilisha, mfereji wa kukinga maji ya mvua nimefunga, jikoni nimetoboa dirisha, na nimeapa kwamba sitayaruka tena mateso ya mtu, awe wa kweli au wa kubuni, kabla sijaingia mwenyewe nikayaona. Juzi nikaanza. Niliingia jikoni nipike, nikapuliza moto robo saa nzima, machozi yananitoka, nikatoka nje kwa hasira nimtafute huyo anayeleta kuni mbichi namna ile.

Ni mimi, kama siku zote.