Gobore Lenye Kitako Kilichopasuka

Baba yangu, Feruzi, alikuwa fundi wa magobore hapa Katuba, na kwa majivuno hakuwa na mwenzake. Aliyatengeneza kwa mabomba ya maji yaliyotupwa, akawauzia wawindaji wenye kibali. Kila moja alilifunga mikanda mitatu ya shaba, mukuba kama tunavyoiita. Ng'ambo ya barabara alifanya kazi fundi Mukuka, naye wa magobore, rafiki yake wa chanda na pete. Kila mchana walikula pamoja na kutukanana kuhusu kazi mpaka bukari, yaani ugali, linapoa.

Mwaka 1977, vita vilipoingia kutoka Angola, serikali ililetewa silaha kutoka nje kwa madege makubwa. Pamoja na hayo yote, ikaogopa magobore yetu! Mafundi wawili wa mtaa wa jirani walichukuliwa kwa kuwa kazi yao ilikutwa kwa adui. Hawakurudi. Hasira ile ninayo hadi leo.

Adhuhuri moja luteni aliingia kwetu na askari wanne, akaweka gobore mezani.

"Citoyen, tumekamata hii kwa adui. Iko yako?"

Baba aliligeuza polepole, mimi roho mkononi. Halikuwa na mkanda hata mmoja wa shaba. Nikapumua.

"Haiko yangu, mon lieutenant. Yangu iko na mukuba. Na angalia hii kitako, imepasuka! Kila siku namuambiaka, kausha mbao kwanza..."

Ulimi ulikuwa umeshateleza.

"Unamuambiaka nani?"

Ng'ambo ya barabara Mukuka alisimama na nyundo mkononi, mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni. Baba hakugeuza kichwa. Mimi ndiye niliyemtazama Mukuka, na nasema wazi, Mungu anisamehe: nilitaka baba amtaje.

"Citoyen, nakuuliza!"

Baba alipapasa ule ufa wa kitako kwa kidole gumba.

"Najiambiaka miye mwenyewe, mon lieutenant. Iko yangu. Ile siku nilikosa mukuba, na mbao haikukauka. Nilifanya kazi ya mubaya."

Sikuwahi kumsikia baba akikiri kosa la kazi, hata dogo. Askari walimfunga mikono kwa waya. Luteni alilinyanyua lile gobore, akacheka.

"Na wewe unajiitaka fundi?"

"Hapana," baba alisema. "Siko fundi."